Kabla ya Kuingia Kula, Pima Hewa

Somo la usalama na afya kwa wafanyakazi na jamaa zao



Mtu anayetumika chini ya udongo anajua sheria hii tangu siku yake ya kwanza: baruti ikiisha kupasuka, hakuna anayerudi ndani ya galeri mara moja. Tunangoja. Mashine za hewa zinafukuza moshi, gesi inapimwa, kisha ndipo tunaingia. Hata moshi usipoonekana tena, tunangoja, kwa maana gesi ya monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Jicho si kipimo cha hewa.

Basi, mbona mtu huyo huyo, akitoka kazini siku ya mshahara, anaingia katika mkahawa uliojaa watu, madirisha yamefungwa, muziki unapiga kwa nguvu, na hajiulizi hata neno moja juu ya hewa?

Somo la leo ni hili: wakati ugonjwa wa kuambukiza kwa njia ya hewa umeingia mjini, namna gani tutaamua kama tule ndani ya mkahawa, ama nje, ama nyumbani? Hatutasema "msiende popote". Tutajifunza kupima, kama tunavyopima kazini.

1. TUKUMBUKE YALIYOPITA

Tarehe 10 mwezi wa tatu 2020, inchi yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, kule Kinshasa. Siku iliyofuata, Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilisema kwamba ugonjwa huu umekuwa janga la dunia nzima. Tarehe 18 ya mwezi ule Rais Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa mabare na mikahawa, na tarehe 24 akatangaza hali ya dharura. Lubumbashi nayo ilifungwa siku mbili mwisho wa mwezi ule. Katika migodi kadhaa ya Haut-Katanga na Lualaba, wafanyakazi walibakizwa ndani ya eneo la kazi majuma mengi, mbali na bibi na watoto.

Mikahawa ilifunguliwa tena tarehe 22 mwezi wa saba 2020. Lakini ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili watu walikatazwa kutembea usiku, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja asubuhi. Chanjo zilianza inchini tarehe 19 mwezi wa nne 2021. Tarehe 5 mwezi wa tano 2023, OMS ilisema kwamba dharura ya ulimwengu imekwisha. Dharura ndiyo ilikwisha. Virusi vyenyewe havikwisha, na siku moja ugonjwa mwingine wa hewa unaweza kuja.

Tazameni jambo moja. Mkahawa ukifungwa kwa amri, hakuna wa kuamua. Mzigo wa kuamua unaanza siku mlango unapofunguliwa. Na amri ya kufungua haisemi kwamba hatari imekwisha. Ni kama kibao kinachosema njia imefunguliwa kwenye barabara ya mgodi: kinakuruhusu kupita, lakini hakikukatazi kutazama kama lori kubwa linakuja.

2. KILA UGONJWA UNA MLANGO WAKE

Kabla ya kujilinda, mtu ajue adui anapita mlango gani. Kipindupindu tunakijua vizuri hapa Katanga. Mlango wake ni kinywa: kinaingia kwa maji machafu na kwa chakula kilichoguswa na uchafu. Korona mlango wake mkubwa ni pua na kinywa kwa njia ya pumzi. Mtu mgonjwa akipumua, akiongea, akicheka, akiimba au akikohoa, anatoa matone ya maji yenye virusi ndani yake.

Matone makubwa yanaanguka chini karibu naye, ndani ya mita 1 au 2. Kwa sababu hiyo tuliambiwa kukaa mbalimbali. Lakini matone madogo sana hayaanguki upesi. Yanaelea. Ninyi mnaotoboa mawe mnaelewa jambo hili kuliko watu wa ofisi: vumbi kubwa la mwamba linaanguka chini ya mashine, lakini vumbi laini la silika, lile lisiloonekana, linabaki hewani saa nyingi na kuingia mpaka ndani ya mapafu. Kwa sababu hiyo tunatoboa kwa maji na tunapeleka hewa mpya. Matone madogo ya pumzi yanafanya vilevile kama vumbi lile laini. Nje, upepo unayatawanya. Ndani ya nyumba iliyofungwa yanazidi kila dakika.

Na mkahawa una shida moja ambayo duka au ofisi haina: hakuna anayekula akiwa amevaa maski. Watu wote wanafungua kinywa kwa pamoja, wanakaa muda mrefu, na wanaongea kwa sauti.

3. MEZA TATU ZA GUANGZHOU

Tarehe 24 mwezi wa kwanza 2020, siku ya kuamkia mwaka mpya wa Wachina, jamaa tatu zilikula chakula cha mchana katika mkahawa mmoja wa mji wa Guangzhou, inchini China. Moja ya jamaa hizo ilikuwa imefika siku moja mbele kutoka Wuhan, mji ambamo ugonjwa ulionekana kwanza. Kati ya meza na meza kulikuwa karibu mita 1. Jamaa moja ilikaa karibu na ile ya Wuhan dakika 53, nyingine dakika 73.

Kisha ugonjwa ukatokea. Kwenye meza zile tatu, watu 10 waliugua. Watu wengine 73 waliokula katika ghorofa ile ile, pamoja na watumishi 8 wa mkahawa, hawakuugua. Sababu gani? Meza zile tatu zilikuwa mbele ya mashine moja ya kupoza hewa, ile tunayoita klima. Mahali pale hapakuwa na madirisha. Klima ilichukua hewa ya meza zile, ikaipoza, ikairudisha kwenye meza zile zile. Waliopima baadaye waliona kwamba hewa mpya ilikuwa karibu lita 1 tu kwa kila mtu kwa kila sekunde. OMS inataka lita 10.

Mwezi wa sita wa mwaka ule ule, katika mji wa Jeonju, Korea ya Kusini, waliochunguza walikuta kwamba mtu mmoja aliambukizwa ndani ya mkahawa na mtu aliyekaa mbali naye mita 6 na nusu. Walikuwa pamoja dakika 5 tu. Hewa ya mashine ilikuwa ikivuma kutoka kwa mgonjwa kwenda kwake.

Kule Marekani, mwezi wa saba 2020, waganga waliuliza watu wazima 314 waliopimwa korona. Waliokuwa na ugonjwa walikuwa karibu mara 2 zaidi kusema kwamba walikula mkahawani katika siku 14 zilizotangulia kuugua. Uchunguzi ule haukutenga waliokula ndani na waliokula nje, lakini ulionyesha kwamba mahali pa kula panastahili kuangaliwa sana.

Tunajifunza nini? Kwanza, kutenga meza kunasaidia, lakini hakutoshi ndani ya nyumba isiyo na hewa mpya. Pili, baridi ya klima si hewa safi. Mtu anaweza kusikia ubaridi mzuri usoni na kumbe anavuta pumzi za wenzake.

4. MASWALI MATANO MLANGONI

Kabla ya kuvuka mlango wa mkahawa wakati wa ugonjwa, simama kidogo, ujiulize maswali haya matano.

Swali la kwanza: Ugonjwa uko karibu nasi? Sikiliza habari za dispansari, za kambi na za zamu yako. Kama wenzako wanaanza kukosa kazi kwa kikohozi na homa, ugonjwa uko. Usiseme "mimi ni mzima na rafiki yangu ni mzima". Mtu wa korona anaweza kuambukiza wengine karibu siku mbili kabla ya kusikia homa.

Swali la pili: Hewa inapita? Hili ndilo swali kubwa. Tazama kama kuna matundu pande mbili, mlango huku na madirisha kule, na kama yamefunguliwa kweli. Tazama pazia: linatikisika? Nusa: kama mafuta ya kukaangia yanakuchoma macho na harufu yake imejaa nyumba nzima, hewa ya ndani haitoki. Feni ya juu inazungusha hewa. Kama madirisha yamefungwa, haileti hewa mpya. Wenye vipimo vya gesi wanaweza hata kuona kwa namba. Hewa ya nje ina gesi kaboniki karibu sehemu 420 katika milioni. Watu wakijaa ndani na hewa haitoki, namba inapanda, kwa maana kila mtu anapumua gesi hiyo. Ikipita 1,000, jua kwamba unavuta kwa wingi pumzi iliyokwisha kutoka katika mapafu ya wengine.

Swali la tatu: Watu ni wangapi, na wanafanya kelele gani? Mtu anayeongea kwa sauti kubwa anatoa matone mengi kuliko anayeongea polepole. Muziki ukipiga sana, watu wote wanapaza sauti na kukaribiana uso kwa uso. Nyumba ya watu 8 wanaokula kimya si sawa na nyumba ya watu 60 wanaoshangilia mpira.

Swali la nne: Nitakaa muda gani? Kazini tunahesabu muda wa kukaa penye kelele na penye vumbi. Tuhesabu vilevile hapa. Kula na kuondoka kwa dakika 20 si sawa na kukaa saa nne mbele ya chupa.

Swali la tano: Nani ananingoja nyumbani, na mapafu yangu yakoje? Mzee, mtu mwenye ugonjwa wa sukari, wa moyo au wa presha, mwenye mimba, mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu: hao korona inawaumiza zaidi. Nawe mwenyewe, kama umetumika miaka mingi penye vumbi la mwamba na mganga alikuambia kwamba mapafu yako yamepungua nguvu, usijihesabu kama kijana wa miaka 20.

Sasa namna ya kuamua. Majibu haya yanajumlishwa, kama mizigo kwenye kamba moja. Kamba inaweza kuvumilia mzigo mmoja, si yote. Ila kuna mambo mawili yasiyojumlishwa. Kama ugonjwa uko mjini na hewa haipiti, usiingie, hata kama meza zimetengwa na watumishi wanavaa maski. Na kama nyumbani kuna mtu ambaye ugonjwa unaweza kumuua, usile ndani ya mkahawa mpaka wimbi lipite. Katika hali nyingine, fuata ngazi hii, kuanzia palipo salama zaidi:

a) Kununua chakula na kukila nyumbani.
b) Kula nje, mahali wazi, meza mbalimbali.
c) Kula ndani karibu na dirisha lililo wazi, saa ambayo watu ni wachache, upesi, na kuvaa maski mpaka chakula kifike.
d) Kama hayo matatu hayawezekani, kutokwenda kabisa.

5. MFANO: WAFANYAKAZI WAWILI SIKU YA MSHAHARA

Tutwae mfano wa wafanyakazi wawili wa zamu moja, mmoja mkubwa, mwingine kijana. Ugonjwa uko mjini. Wanatoka kazini.

— Yaya, leo tumelipwa. Wenzetu wote wanakwenda kwenye mkahawa mpya wa karibu na soko. Twende tule kuku.

— Asante, mdogo wangu. Wanakula ndani ama nje?

— Ndani. Kuna klima na televizio, na leo Mazembe wanacheza.

— Madirisha je?

— Yamefungwa, yaya, baridi ya klima isitoke. Na watu wanajaa mpaka wengine wanasimama. Ndiyo raha yake!

— Tangu juma lililopita, wenzetu watatu wa zamu yetu wako kitandani. Nami nyumbani nina mama yangu, ni mzee, tena ana ugonjwa wa sukari. Tunalala chini ya bati moja. Leo siendi.

— Watasema umekuwa mchoyo, yaya.

— Waseme. Lakini wewe usiseme hivyo, kwa maana tutakula pamoja. Twaa feza hizi, ununue kuku kwa yule mama anayechoma nje, chini ya mwembe. Ulete kwangu. Tutaweka viti uani, mbali kidogo kidogo. Mpira tutausikiliza kwa redio.

Tazameni alivyofanya mkubwa huyu. Hakumtukana mwenzake wala kumwita mjinga. Alijibu maswali matano kwa kichwa chake, akaona kwamba hewa haipiti na kwamba mama yake yuko nyumbani. Kisha akabadili mahali, asivunje urafiki. Wengi wetu tunaingia penye hatari kwa sababu ya kuona haya tu. Tunaogopa kusemwa. Lakini aibu ya jioni moja inapita. Mzee aliyekufa harudi.

Na kijana je? Yeye hana mzee nyumbani. Angeweza kwenda peke yake? Akumbuke kwamba kesho yake asubuhi atapanda basi la kazi pamoja na wengine wengi, na kila mmoja wao ana nyumba yake. Ugonjwa hautoki mkahawani ukasimama kwa aliyeula mchana. Unapanda basi pamoja naye.

6. MAMA WA MALEWA NA MTU WA KANTINI

Wako watu wanaofikiri kwamba mkahawa wenye vioo na klima ni salama, na malewa ya kina mama, yale ya chini ya mti, ni hatari. Kwa upande wa hewa, mara nyingi ni kinyume. Chini ya mwembe hakuna ukuta, upepo unapita, na pumzi ya mgonjwa inatawanyika. Lakini usisahau mlango mwingine, ule wa kipindupindu. Hapo tazama maji. Chakula kitoke motoni kikiwa moto. Sahani zisafishwe kwa maji safi, si kwa beseni moja ya tangu asubuhi. Mikono inawiwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kutoka ndoo yenye robine, ama yanayomwagwa kwa kopo. Si wote kutumbukiza mikono katika bakuli moja. Na wakati wa ugonjwa, kila mtu awe na sahani yake ya bukari na kikombe chake cha munkoyo.

Mama anayeuza chakula anatafuta maisha ya watoto wake, na wengi wao ni bibi na dada zetu wenyewe. Mikahawa ilipofungwa 2020, walikosa feza ya kila siku. Kwa hiyo, mtu anayenunua kwake na kupeleka nyumbani anajilinda na vilevile anamsaidia. Nasi tunamshauri mama huyo mambo haya: weka meza nje kadiri uwezavyo, mvua ikija, weka paa, lakini usishushe hema pande zote nne, kwa maana hema lililofungwa pande nne limekuwa nyumba, fungua madirisha hata kama kuna baridi, punguza muziki, na mtumishi mwenye kikohozi apumzike.

Juu ya baridi, neno moja. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa kwetu ni wa baridi, na watu wanapenda kufunga kila tundu na kuingiza mbabula ya makala ndani. Hapo hatari ni mbili: pumzi za wagonjwa, na ile gesi ya makala inayoua watu usingizini. Dirisha wazi linapunguza zote mbili, lakini kwa gesi ya makala halitoshi: mbabula ibaki nje. Vaa koti, fungua dirisha.

Kantini ya kazi nayo ni mkahawa. Kule hatuwezi kusema "nitakula nyumbani", kwa maana zamu ni ndefu. Kwa hiyo kantini inahitaji uangalifu kuliko mahali pengine: watu wale kwa makundi madogo, wasikae uso kwa uso, milango na madirisha yabaki wazi, na penye uwezekano meza zitolewe nje chini ya paa. Na ninyi makapita, mtu akisema "nasikia homa", msimkemee wala kumhesabu kuwa mvivu. Anayeogopa kupoteza siku yake ya mshahara ataficha kikohozi, na kikohozi kilichofichwa kitalaza zamu nzima.

7. MANENO TUNAYOSIKIA, NA JIBU LAKE

"Lutuku inaua virusi kooni." Si kweli. Pombe unayokunywa haikulindi. Inakufanya usahau muda na kupaza sauti.

"Wamefuta meza kwa maji ya javeli." Ni vema, usafi wa meza ni mzuri. Lakini javeli ya mezani haifuti hewa.

"Nimechanjwa." Umefanya vizuri sana, kwa maana chanjo inazuia zaidi ugonjwa mkali na kifo. Lakini mtu aliyechanjwa anaweza bado kuambukizwa na kupelekea wengine.

"Niliisha kuugua." Korona inaweza kurudi kwa mtu yule yule.

"Chakula cha kununua kinaleta korona." Hapana, mlango wake mkubwa si chakula. Nawa mikono, kula kikiwa moto, basi.

8. SOMO HILI SI LA KORONA TU

Mtu atauliza: dharura ilikwisha 2023, mbona tunafundishwa leo? Jibu liko ndani ya vifua vyetu. Kifua kikuu kiko bado katika inchi yetu, na kinapita kwa mlango ule ule wa hewa. Mtu aliyevuta vumbi la silika miaka mingi anakipata upesi kuliko wengine. Kwa hiyo chumba kisicho na hewa, kiwe mkahawa, bare, kanisa au chumba cha kulala, ni hatari kwa mtu wa migodi hata wakati hakuna janga lolote. Kama una kikohozi kinachopita majuma mawili, kama unatoka jasho usiku na kukonda, nenda kwa mganga, usingoje. Kifua kikuu kinapona kwa dawa zikimezwa mpaka mwisho.

Kuamua vizuri hakumfanyi mtu kuwa mwoga. Yule anayengoja moshi utoke katika galeri hatumwiti mwoga. Tunamwita mfanyakazi anayejua kazi yake. Vivyo hivyo anayesimama mlangoni pa mkahawa, akatazama madirisha, akahesabu watu, akamkumbuka mama yake, kisha akasema "leo tule nje".

TUKUMBUKE

Hewa kwanza, meza baadaye.
Klima haileti hewa mpya.
Nje ni bora kuliko ndani. Muda mfupi ni bora kuliko mrefu. Kimya ni bora kuliko kelele.
Kwa korona tazama hewa, kwa kipindupindu tazama maji.
Mwenye mgonjwa au mzee nyumbani apime mara mbili.

KAZI YA NYUMBANI

Juma hili, baba, mama na watoto wakubwa mfanye jambo moja pamoja. Tazameni mahali mnapokula mara nyingi nje ya nyumba: kantini, malewa au mkahawa. Hesabuni matundu ya hewa, na mseme yako pande ngapi. Kisha rudini nyumbani, mtazame chumba mnamolala, mhesabu vilevile. Kama kuna dirisha lililozibwa kwa sanduku au kwa karatasi, mlifungue leo.